Mbaazi Haziendi Maskati

Mkija kwangu kutaka kufunzwa, kwanza zimeni simu. Sizichukii. Ninayo moja, yalia siku nzima kama mbuzi aliyefungwa juani. Lakini juzi msichana mmoja kati yenu alikaa hapa kwangu Magongo, nikamwambia tuseme mteja yuwaenda Maskati, tumfungie nini? Akabonyeza simu yake akanisomea: kilomita elfu tatu na zaidi, saa tano hivi angani. Kisha akaniangalia kama mtu aliyemaliza kazi.

Nikamuuliza, "Na mahamri yatafika vipi, imekwambia?"

Akaanza kubonyeza tena.

Simu yahesabu ndege, haihesabu chakula. Ndege yapaa, yatua, basi. Chakula kina safari yake. Chaanza jikoni, chapanda gari, chapanga foleni, chapekuliwa na askari, chakaa Nairobi kikingoja ndege ya pili, chavuka bahari, tena chafika mwenyewe yuko kazini, chamngoja hata arudi. Saa tano za simu, kwa sambusa ni siku nzima na usiku wake. Mkilijua hilo mmejua nusu ya kazi.

Mimi ni Bi Mwanasha. Nimepika masurufu, chakula cha wasafiri wa hapa uwanja wa ndege Changamwe, tangu mama zenu hawajaota meno. Shule niliiona kwa dirisha. Sasa magoti yamekataa, jiko nimemwachia mwengine, mtamjua mbele. Mimi nimebaki na mdomo, na huo haujakataa kitu.

Aliyenifunza ni Bi Zuhura, Mungu amrehemu. Mwanamke mpana, mchache wa maneno, mwepesi wa mwiko. Siku yangu ya kwanza nilifunga sambusa zikiwa bado na moto wake, najisifu nina haraka. Bi Zuhura akafunua kifuniko mbele ya mteja, maji yakadondoka tiki, tiki.

"Waona?" akaniambia. "Zalia. Zajua zimeshakufa."

Tangu siku hiyo sijafunika kitu chenye moto. Chakula cha safari chapoa kwanza juu ya ungo, chapepewa, hata ukitia kiganja usikie baridi. Adui yenu si umbali, ni maji. Kitunguu cha sambusa kikamueni mpaka kiombe msamaha. Nyama ikausheni hata ilie kikaangoni. Visheti na vileja, vile vitamu vikavu, hao ni mahujaji, wapelekeni popote watarudi salama. Lakini cho chote chenye tui, jihadharini nacho. Nazi ni tamu, haina subira. Mahamri ya kula nyumbani yakandeni kwa tui zito. Ya kwenda mbali kandeni kwa maji na iliki, na mumwambie mteja wazi kwamba siku ya pili yatakuwa magumu kama kisigino, ayapashe kwa mvuke. Na samaki wa kupaka ni wa kuvuka feri Likoni. Si wa kuvuka bahari.

Zamani tukifunga kwa majani ya mgomba na kikapu. Siku hizi ni foili na vyombo vya plastiki, na askari wa uwanjani wamekuwa wakali kuliko wakwe. Achari yangu ya maembe waliikataa, wakasema ni majimaji. Nikamwambia yule askari, "Mwanangu, hii bomu lake lalipuka tumboni tu." Akaionja, akasema ni kweli lalipuka, akabaki nayo yeye. Tangu siku hiyo achari naikausha juani.

Haya, sasa jambo ambalo hamtafunzwa na mtu mwengine. Wasafiri ni waongo. Si wote, lakini wengi. Msafiri aweza kumdanganya mkewe, mwajiri wake, hata imamu. Mpishi hamdanganyi, kwa sababu tumbo lake lajua yuwaenda wapi, na tumbo ndilo laagiza.

Bwana mmoja alikuja na mkewe, mtanashati, kanzu imepigwa pasi hata inzi angeteleza. Safari Maskati, wiki mbili, biashara. Mke akaagiza visheti na vileja, sawasawa. Wametoka, punde bwana akarudi peke yake.

"Bi Mwanasha, nitilie na viazi vya karai, na ukwaju wake. Na mbaazi za nazi kidogo."

Nikaweka mwiko chini. "Bwana, hivi Maskati havifiki. Hivi hata Mtwapa havipiti."

Akacheka cheko la mtu aliyekanyagwa kidole. Nikampikia, kazi ni kazi. Hazikupita siku nyingi mtoto wa dadangu akamuona Kiembeni, kikoi na singleti, amebeba taka kutupa. Nyumba ya pili. Mimi viazi vilikuwa vimeshanambia.

Kwa hivyo sikuwa tena nikiuliza mtu waenda wapi. Nikiangalia anachoagiza, na anachosifu akirudi. Watu wa mtaa wakanena, Mwanasha ana shaka hata na kivuli chake. Na iwe. Kwa mpika masurufu shaka ni kama chumvi, ukiikosa chungu chote hakina ladha. Ila chumvi hiyo siku moja iliingia kwenye kidonda changu mwenyewe.

Mjukuu wangu Mwanaidi nilimlea tangu mamake alipofariki. Mtoto ana mikono, ana adabu, ukimwita aitika "abee" ungali hujamaliza jina. Akasomea kazi za hoteli, akakaa bila kazi, kisha akaja wakala mmoja wa kupeleka watu ng'ambo, viatu vimechongoka mbele. Kazi iko Maskati, asema, hoteli kubwa. Mimi sikumpenda yule mtu. Nilimpa mahamri matatu akala moja na nusu. Mtu anayeacha nusu hamri hana moyo wa kumaliza jambo. Lakini Mwanaidi alikuwa amewaka kama taa ya Idi. Ningemzima vipi?

Tukasoma dua, nikapika pilau, mtaa mzima ukamsindikiza hadi uwanjani. Apande ya Nairobi, pale wakala atamngoja na wenzake waende pamoja. Na mimi nilivyo na majivuno! Sokoni mtu akiniuliza nazi ni bei gani, namjibu mjukuu wangu yuko Maskati.

Akawa apiga simu ya picha. Nyuma yake ukuta mweupe. Leo ukuta, kesho ukuta.

"Nionyeshe bahari ya huko, nyanya niione."

"Mtandao mbaya, nyanya."

Mtandao waona ukuta, bahari hauioni. Nikaliweka hilo moyoni.

Sasa Saidi. Huyu ni mwana wa jirani yangu, kazi yake kuhudumia abiria ndani ya ndege, wale wanaosukuma kigari cha chai. Alicheza na Mwanaidi tangu wakiwa na kamasi. Siku moja akaja na suti yake ya kazi.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Mbona wanukia kama duka la udi?"

"Kazi, nyanya. Siku hizi ndege yangu yaenda hadi Maskati, yalala huko. Ukitaka kumpelekea Mwanaidi kitu, nipe mimi."

Nikafurahi hata shaka ikanitoka. Nikafunga mahamri ya safari, sambusa, visheti, katika hotipoti yangu nyekundu, ile yenye mkono uliovunjika. Ikaenda, ikarudi na tende ndani. Sawasawa, maana nilimfunza mwenyewe: chombo cha watu hakirudi kitupu. Hata uwe na punje ya chumvi, tia.

Safari ya pili, ya tatu, tende. Kisha kwenye simu Mwanaidi akasema, "Nyanya, mahamri yako! Laini kama pamba, nimekula bila chai."

Mkono wangu ukasimama palepale. Laini? Yale ya maji na iliki? Siku nzima na usiku njiani?

Nikafikiri, nikaona. Ni Saidi! Saidi amekula chakula changu na wenzake huko angani, tende anunua dukani, na Mwanaidi amsitiri kwa kusifu asichokionja. Na kweli mashavu ya Saidi yalikuwa yameanza kujaa. Nikasema, ewe kijana, wanijua mimi? Nitakutegea.

Mtego wenyewe huu, ushikeni, utawafaa. Nilipika mbaazi za nazi, tui la kwanza, zile za kula asubuhi na zikifika jioni zimevuta uzi. Nikazipoza, nikazitia kwenye mkebe mdogo wa bati, nikauzungushia foili, nikauweka chini kabisa ya hotipoti, mahamri juu yake. Sikumwambia Saidi, sikumwambia Mwanaidi. Chakula kikifika Maskati, mtoto atapiga simu aniulize nimeanza kuzeeka, mbona nimempelekea mbaazi zimechacha. Na akila Saidi, mtoto hatajua kama kulikuwa na mbaazi. Milango miwili, hakuna wa tatu.

Saidi akabeba asubuhi, miluzi mdomoni. Sijaswali alasiri, simu ikalia.

"Nyanya! Na mbaazi umenitilia! Wallahi nimelamba mkebe!"

"Hazikuvuta uzi?"

"Zivute uzi kwa nini? Kama zimeepuliwa sasa hivi."

"Alhamdulillahi," nikasema. Nikazima simu, nikaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi bila kuangalia, nikaruka.

Mlango wa tatu ulikuwepo. Mtego niliomtegea Saidi umemnasa mjukuu wangu. Mbaazi haziendi Maskati. Alipo Mwanaidi ni mahali ambapo mbaazi zilizotoka Changamwe asubuhi zafika mchana zikiwa nzima. Wapi huko? Na afanya nini huko? Na kwa nini yuwanidanganya mimi?

Jamani, shaka juu ya mume wa mtu wa Kiembeni ni tamu, waimung'unya kama ubuyu. Shaka juu ya damu yako yakula wewe. Siku zile nilimshuku kila mtu. Labda ameolewa kwa siri. Labda ni mgonjwa. Labda kuna mtu amemfungia, na ule ukuta mweupe ni wa huko. Majirani wakiniuliza, "Mwanaidi hajambo Maskati?" najibu, "Hajambo," na neno lanichoma koo kama mwiba wa samaki.

Kisha hotipoti ikarudi. Nikafunua. Hamna tende. Imejaa matunda damu, yale mekundu ya bara, ngozi yang'aa, mengine bado na vikonyo vyake vibichi.

"Saidi," nikasema, "Maskati walima matunda damu?"

Saidi akatazama kofia yake. "Siku hizi kila kitu chapatikana kila mahali, nyanya."

"Ndiyo. Ndege ni nyingi."

"Ni nyingi, nyanya."

Hapo nikajua ni Nairobi. Safari ya ndege isiyotimia saa. Nikajua na jambo jengine, likaniuma zaidi. Mwanaidi hakuwa na tende siku hiyo, au hakuweza kuzinunua, na ingekuwa salama kwake arudishe hotipoti tupu. Hakuweza. Nilimfunza vizuri mno. Adabu yake ndiyo iliyomchongea.

Mtaniuliza, kwa nini hukumbana Saidi pale pale? Kwa nini hukupiga simu ukamkemea Mwanaidi? Hamjui watu. Mwongo ukimbana hasemi kweli, huenda mbali zaidi. Angezima simu, angehama, na safari hiyo mimi sina chakula cha kunionyesha aliko. Tena nilijua anachoogopa. Si kiboko changu. Ni ile pilau. Ni ule mtaa mzima uwanjani, na nyanya yake sokoni akijibu Maskati bei ya nazi.

Nikaamka kabla ya adhana. Nikachukua samaki aina ya changu, mzima, nikampaka tui zito na ukwaju na bizari, nikamgeuza makaani, nikampaka tena, hata jirani akakohoa upande wa pili wa ukuta. Nikafanya viazi vya karai. Nikamimina mkate wa mchele, ule usiolala. Kila kilichokatazwa na Bi Zuhura nikakifunga, na nikakifunga kikiwa na vuguvugu. Bi Zuhura anisamehe huko aliko.

Saidi akaja. Akanusa. Akafunua kifuniko, kwa sababu pua ilimshinda, na uso ukambadilika.

"Nyanya... hiki si kitaharibika?"

"Kitaharibikia wapi?"

Akakirudisha kifuniko.

"Sema, Saidi. Wewe ndiwe mtu wa ndege. Kitaharibikia wapi?"

"Niliapa, nyanya."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwake yeye."

"Basi usivunje kiapo. Sijakuuliza yuko wapi. Nakuuliza, samaki huyu atafika au hatafika?"

Kijana mrefu vile, tai shingoni, machozi yakamjaa. Akasema polepole, "Atafika, nyanya. Atafika na moto wake."

"Beba. Na mwambie asimle baridi."

Siku ile sikupikia mtu mwengine. Nilikaa na simu mapajani. Ndege ikapita juu ya paa, ikapita nyengine. Nikaanza kujishuku mwenyewe: huenda nimemtisha, huenda sasa atakimbia kweli. Jua likapinduka. Simu ikalia, na safari hii haikuwa ya picha, ilikuwa ya sauti tu.

"Nyanya."

"Abee." Mimi ndimi niliyemwitikia hivyo, na sijui kwa nini.

Nyuma yake nasikia masufuria na mtu akipiga kelele, "Sahani! Sahani!"

"Samaki amefika," akasema.

"Ana moto?"

"Ana moto, nyanya." Kisha akavunjika. Akalia kilio kile cha utotoni, cha kukosa pumzi. Yule wakala, tiketi aliyompa ilikuwa karatasi tu. Walimcheka pale kwenye dirisha la tiketi. Wakala mwenyewe simu amezima. Akakaa uwanjani na sanduku lake mpaka wafagiaji wakamzoea. Mmoja wao akampeleka kwa ndugu yake mwenye hoteli, akawa aosha vyombo, alala stoo. Ule ukuta mweupe ni wa stoo. Saidi alimuona siku moja, na Mwanaidi akamwapisha asiseme.

"Ningerudi vipi, nyanya? Mtaa wote ulinisindikiza."

"Mtaa umekula pilau, umeshiba, umelala," nikamwambia. "Wewe ndiwe hujala. Maliza samaki. Kisha panda treni uje."

Akaja. Majirani walikuwa barazani, na hawakukosa la kusema.

"Haa, Mwanaidi! Maskati kwema? Mbona umerudi mapema?"

Nilimuona anainamisha kichwa, nikatangulia mimi. "Hakufika. Alidanganywa na mtu wa viatu vilivyochongoka, na mimi nikawadanganya nyinyi bila kujua. Sasa mmejua. Mwenye neno zaidi aje jikoni aniambie nikiwa na mwiko." Hawakuja. Wanajua mkono wangu.

Mlangoni akasimama. Begani mkoba, mkononi hotipoti yangu nyekundu, ameikumbatia. Nikaipokea, nyepesi. Akasema, "Nyanya, nisamehe. Imerudi tupu. Sikupata cha kutia."

Nikaiweka chini. Huyo ndiye mnayemuona sasa nyuma yangu akipepea sambusa zenu, na ole wenu mkizifunika kabla hajaguza. Lakini siku ile alikuwa mifupa na macho, amesimama kizingitini kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Ingia," nikamwambia. "Mbaazi ziko jikoni, za tui zito. Na hizi haziendi popote."